Cheo ni Dhamana: Profesa Aliyegeuka Jina la Kesi

Mwezi huu naomba tuwaache kidogo wachumba na mawifi, wapumzike. Tuzungumzie ndoa nyingine ambayo wengi wetu tunaiingia bila hata kuchunguza ukoo: ndoa kati ya mtu na cheo.

Swali lenyewe mnaniletea kila mara kwenye meseji zenu, kila mmoja kwa namna yake. Mwalimu wa sekondari kaambiwa awe mkuu wa shule. Nesi kaambiwa awe matroni. Dada wa benki, aliyezoea dirisha lake na wateja wake, kaitwa juu akaambiwa tawi zima sasa ni lake. Wote wanauliza kitu kimoja: nikubali, au nibaki na kazi ninayoipenda na ninayoijua? Ndugu wanasema kubali, mshahara huo! Mume anasema kubali, ila jioni nani atapika? Marafiki wanasema kubali, tutakuja kukusalimia ofisini. Hakuna anayeuliza cheo chenyewe kitakudai nini.

Leo nakujibu kwa kukusimulia maisha ya mtu mmoja, tena wa mbali. Anaitwa Lee Bollinger, Mmarekani, profesa wa sheria aliyeongoza vyuo vikuu viwili vikubwa vya nchi yake kwa zaidi ya miaka 25 ukijumlisha. Nimemchagua kwa sababu jina lake lilitoka kwenye mlango wa ofisi likaenda kukaa moja kwa moja kwenye vitabu vya sheria. Vitabu aliandika, ndiyo, lakini si vitabu hivyo vilivyomfikisha huko. Alifika huko kwa kufunguliwa kesi.

Kabla sijaendelea, neno moja. Huku kwetu mkuu wa chuo kikuu ni mtu wa heshima anayevaa joho siku ya mahafali na kutunuku shahada. Anayebeba mzigo wa kila siku ni makamu mkuu wa chuo. Marekani mbeba mzigo huyo ndiye anayeitwa rais wa chuo. Kwa hiyo nikisema rais hapa, usifikirie Ikulu.

MTOTO WA MWENYE GAZETI

Bollinger alizaliwa mwaka 1946 huko Santa Rosa, California, na sehemu ya ujana wake aliipitisha katika mji mdogo wa Baker, jimbo la Oregon, ambako baba yake aliendesha gazeti dogo la hapo mjini. Si unajua maisha ya mji mdogo? Ukiandika habari ya mtu Jumatatu, Jumanne unakutana naye dukani ananunua sukari. Basi kijana alikulia karibu na kazi ya maneno, na maneno ndiyo yakawa riziki yake.

Alisoma Chuo Kikuu cha Oregon, akamaliza mwaka 1968, kisha akaenda New York kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia na kumaliza mwaka 1971. Baada ya hapo akawa msaidizi wa majaji, na mmoja wao alikuwa Warren Burger, Jaji Mkuu wa Marekani. Mwaka 1973 akaajiriwa kufundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor. Somo lake lilikuwa uhuru wa kusema na uhuru wa magazeti.

Mwaka 1986 alitoa kitabu kinachoitwa The Tolerant Society, yaani jamii yenye uvumilivu. Swali lake lilikuwa gumu. Miaka michache nyuma, mwaka 1977, kikundi cha Wamarekani wafuasi wa siasa za Hitler kilitaka kuandamana katika mji wa Skokie, karibu na Chicago, mji wenye Wayahudi wengi, wakiwemo walionusurika kwenye kambi za mauaji za Ulaya. Mahakama zilisema wana haki ya kuandamana. Watu wakajiuliza: jamani, haki gani hii ya kwenda kumtonesha mtu kidonda mlangoni kwake?

Jibu la Bollinger kwa ufupi lilikuwa hivi. Tunapomwacha mtu mwenye maneno ya chuki aseme, faida haiko kwake. Faida iko kwetu sisi tunaojizuia kumrukia. Kuvumilia ni zoezi kama mazoezi ya viungo: ukilizoea kwenye jambo gumu, utaliweza kwenye mambo madogo ya kila siku, bungeni, kazini na hata mezani nyumbani.

Maneno mazuri, au siyo? Na darasani yanapendeza zaidi. Unatetea upande huu, unageuka unatetea ule, muda unakwisha, kila mtu anakwenda kunywa chai. Hiyo ndo raha ya ualimu: mwalimu anaruhusiwa kuuliza swali akaliacha linaning'inia mpaka wiki ijayo. Kiongozi haruhusiwi. Yeye lazima ajibu, na jibu lake lina sahihi chini. Shika hapo, maana maisha yote ya Bollinger baada ya darasa ni habari ya sahihi hiyo.

MLANGO WA MBELE NA MLANGO WA NYUMA

Mwaka 1987 wenzake walimwona anafaa, akawa mkuu wa kitivo cha sheria hapo Michigan. Mwaka 1994 akahamia Chuo cha Dartmouth kuwa mtu wa pili chini ya rais, msimamizi wa mambo yote ya taaluma. Hakukaa sana. Mwishoni mwa 1996 Michigan wakamwita arudi awe rais wao, na mapema 1997 akaanza kazi.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Novemba mwaka huo timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani iliifunga Penn State, na wanafunzi wakamiminika barabarani kwa shangwe mpaka nyumbani kwa rais wa chuo. Wewe ungefanyaje? Wengi wetu tungezima taa na kujifanya tumelala. Bollinger alifungua mlango akawakaribisha ndani. Wanafunzi walimpenda kwa hilo, na kwa kweli nani asingempenda?

Lakini mpenzi msomaji, cheo kina milango miwili. Wakati shangwe inaingia kwa mlango wa mbele, barua ya mahakama ilikuwa inaingia kwa mlango wa nyuma. Oktoba 1997 vijana wawili Wazungu, Jennifer Gratz na Patrick Hamacher, walikishtaki chuo wakisema walinyimwa nafasi ya shahada ya kwanza kwa sababu ya rangi yao. Desemba akafuata mama mmoja, Barbara Grutter, aliyekosa nafasi katika kitivo cha sheria. Kwa kuwa rais ndiye mwenye kiti, jina lake ndilo lililoandikwa mbele: Gratz dhidi ya Bollinger, na Grutter dhidi ya Bollinger. Tangu hapo majina hayo yanakwenda pamoja kama ya bwana na bibi harusi kwenye kadi ya mwaliko, ila hapa hakuna pilau.

Ugomvi ulikuwa nini? Chuo kilitaka wanafunzi Weusi, wa asili ya Amerika ya Kusini na Wahindi Wekundu wasipungue sana. Kwa shahada ya kwanza kilikuja kutumia mfumo wa pointi 150, na mwombaji wa makundi hayo alipewa pointi 20 papo hapo. Kitivo cha sheria hakikutumia pointi. Kilimsoma mwombaji mmoja mmoja, na rangi ilikuwa jambo moja kati ya mengi yaliyoangaliwa.

Usidhani haya ni ya Wazungu peke yao. Hapa jirani, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mwaka 1990 kuwaongezea wasichana pointi 1.5 za kuingilia chuo. Sasa jiweke katikati. Kuna mvulana kakosa nafasi kwa nusu pointi. Kuna msichana aliyesoma huku akichota maji, akipika na kulea wadogo zake. Wote wawili wana machozi ya kweli. Ukiwa mwalimu, utasema suala hili lina pande mbili. Ukiwa rais wa chuo, unaulizwa: wewe uko upande gani?

Bollinger angeweza kusema, "Mimi nimeyakuta." Nusu ya watu wenye vyeo ninaowajua wangesema hivyo. Lakini utaratibu wa kitivo cha sheria ulitungwa mwaka 1992, wakati mkuu wa kitivo alikuwa yeye mwenyewe. Mtoto alikuwa wake, na hakumkana. Aliamua chuo kipigane mpaka mwisho, na akatoka kwenda kutafuta watu wa kusimama naye.

Hapo ndipo wengi tunashindwa. Tukilaumiwa tunajifungia ofisini na kumwachia mwanasheria. Yeye alijua kwamba hoja ya chuo peke yake ingeonekana kama hoja ya maprofesa. Mwaka 1999 Gerald Ford, aliyewahi kuwa Rais wa Marekani na aliyesoma Michigan, aliandika gazetini kukitetea chuo. Makampuni makubwa, General Motors wakiwemo, yaliandika mahakamani kwamba yanahitaji wafanyakazi waliozoea kusoma na watu wa kila aina. Maofisa wastaafu wa jeshi nao wakasema jeshi lenye askari wa rangi zote haliwezi kuongozwa na maofisa wa rangi moja. Hoja ikahama kutoka kwenye huruma ikawa hoja ya elimu yenyewe: mwanafunzi aliyekaa na watu wa aina yake tu anatoka chuoni nusu mbichi.

Hukumu ilisomwa Juni 23, 2003. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali utaratibu wa kitivo cha sheria kwa majaji 5 dhidi ya 4, na ikaukataa mfumo wa pointi 20 kwa 6 dhidi ya 3. Yaani kushinda na kushindwa asubuhi moja. Jaji Sandra Day O'Connor, aliyeandika hukumu ya ushindi, alisema anatarajia baada ya miaka 25 utaratibu huo hautahitajika tena. Ikumbuke hiyo namba, tutairudia. Na ushindi wenyewe haukukaa sana pale Michigan: mwaka 2006 wananchi wa jimbo hilo walipiga kura kupiga marufuku upendeleo wa rangi katika vyuo vyao vya umma. Mahakamani ulishinda, kwenye sanduku la kura ukashindwa. Cheo ndo kilivyo.

MGENI ALIYEPEWA JEMBE MLANGONI

Wakati hukumu inasomwa, Bollinger alikuwa ameshahama. Mwaka 2001 jina lake lilikuwa kati ya majina ya mwisho kwa kiti cha urais wa Harvard, lakini nafasi ikaenda kwa Larry Summers. Mwaka uliofuata Columbia, chuo alikosomea sheria, wakamchukua. Alikaa hapo miaka 21.

Hapo ndipo kitabu chake cha uvumilivu kilipokuja kumdai. Septemba 2007 Mahmoud Ahmadinejad, rais wa Iran wakati ule, alikuwa New York kwa mkutano wa Umoja wa Mataifa, na Columbia wakamkaribisha azungumze na wanafunzi. New York ikawaka. Magazeti, wanasiasa na wafadhili walisema mtu anayekana mauaji ya Wayahudi hapaswi kupewa jukwaa. Bollinger akakataa kufuta mwaliko. Mpaka hapo kitabu na mtu vilikubaliana.

Sasa siku ikafika, Septemba 24. Mwenyeji akasimama kumkaribisha mgeni, na ukaribisho wenyewe, we acha tu! Alimrundikia maswali makali, na akamwambia mbele ya ukumbi mzima kwamba ana dalili zote za dikteta mdogo na katili. Mgeni alipopewa nafasi, kitu cha kwanza alicholalamikia kilikuwa adabu. Alisema kwao Iran ukimwalika mtu kuzungumza, unawaachia wasikilizaji wapime wenyewe, huanzi kumshambulia kabla hajafungua mdomo.

Sisi wahenga wetu walituambia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa jembe mlangoni, hata maji hajanywa. Wapo waliompigia Bollinger makofi wakisema amesema ukweli mbele ya mwenye mamlaka. Wapo maprofesa wake mwenyewe waliomlaumu, wakisema mwenyeji amekivunjia chuo heshima.

Mimi naona hivi. Kumwalika mtu usiyekubaliana naye ni ujasiri. Kumwambia wazi kwamba hukubaliani naye pia ni ujasiri. Tatizo ni mpangilio. Ukiona unahitaji kumtukana mgeni kwanza ili watu wa nyumbani wasikuone vibaya, ujue hotuba hiyo si yake tena, ni ya wale waliosimama nyuma yako wakikuangalia. Profesa Bollinger wa mwaka 1986 aliandika juu ya kujizuia. Rais Bollinger wa mwaka 2007 alikuwa na wafadhili, wazazi, wanafunzi na wanasiasa mgongoni. Kujizuia ukiwa huna wa kukuangalia ni rahisi mno.

Lipeleke nyumbani kwako hilo. Umekubali mama mkwe aje kukaa mwezi mmoja. Basi mkaribishe kweli. Ukimkaribisha huku unaorodhesha makosa yake ili dada zako wakuone shujaa, bora ungesema hakuna nafasi.

MAJIRANI WANASEMAJE?

Mtihani mwingine ulikuwa wa ujirani. Columbia kiko Manhattan, kimepakana na Harlem, mtaa maarufu wa Wamarekani Weusi. Mwaka 1968 chuo kilitaka kujenga ukumbi wa michezo kwenye bustani ya umma hapo jirani. Hilo, pamoja na vita vya Vietnam, liliwasha mgomo mkubwa wa wanafunzi, polisi wakaingia na mamia wakakamatwa. Majirani hawakusahau.

Bollinger aliingia akakuta chuo kimebanwa, hakuna pa kupanuka. Mwaka 2003 akatangaza mpango wa kujenga sehemu mpya ya ekari 17 katika eneo la Manhattanville, West Harlem. Eneo hilo lilikuwa na gereji, maghala, vituo vya mafuta na watu wanaoishi. Wamiliki wengi waliuza, wachache wakagoma. Hapo ikaja habari ambayo mkazi yeyote wa Dar es Salaam au Nairobi anaijua kwa jina lake la mtaani: kupisha mradi. Mamlaka ya jimbo ilitaka kutwaa maeneo yao kwa manufaa ya umma. Wenye mali wakauliza: chuo binafsi ni umma wa nani?

Kesi ilikwenda mpaka mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York, na mwaka 2010 chuo kikashinda. Kabla ya hapo, mwaka 2009, chuo kilikuwa kimesaini makubaliano ya dola milioni 150 kwa ajili ya jamii ya hapo: nyumba, shule, ajira. Leo pamesimama majengo yaliyochorwa na Renzo Piano, na ndani yake kuna maabara zinazochunguza ubongo wa binadamu. Kizuri ni kizuri. Lakini yule mwenye kituo cha mafuta aliyehamishwa hakupewa kura. Kiongozi aliyesaini anapaswa kuyakumbuka yote mawili, jengo na mtu.

Tusisahau na marupurupu, maana najua mnayasubiri. Mwaka 2013 malipo yake yote yalifika dola milioni 4.6, akawa wa juu kabisa kati ya viongozi wa vyuo vikuu binafsi vya Marekani mwaka huo. Unaguna? Subiri. Mwaka 2022 profesa wa hisabati wa chuo hicho hicho, Michael Thaddeus, alikaa akapiga hesabu za takwimu ambazo chuo kilipeleka kwa wapangaji wa orodha ya vyuo bora. Akasema haziendi. Chuo kikakiri kwamba baadhi ya takwimu hazikuwa sahihi, na kikaporomoka kutoka nafasi ya 2 mpaka ya 18. Takwimu hizo hakuzikusanya Bollinger kwa mkono wake. Lakini mshahara wa mwenye kiti ni pamoja na kubeba hata alichohesabu mwingine.

ALICHOKATAA KUKIACHA

Sasa nikwambie kilichonifanya nimpende mzee huyu pamoja na hayo yote. Miaka yote ya urais wake Columbia, pamoja na safari, mikutano na kutafuta fedha, na vituo vya chuo alivyofungua nje ya Marekani, kimojawapo hapa Nairobi, aliendelea kuingia darasani. Kila mwaka alifundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza somo lake lile lile la uhuru wa kusema. Na kila mwaka alikuwa na siku ya kukimbia na wanafunzi, kilomita tano, jasho kwa jasho. Mkewe, Jean Magnano Bollinger, ni msanii mwenye kazi yake mwenyewe, na wana watoto wawili.

Unaona? Alikalia kiti lakini hakuuza kigoda chake cha zamani. Mwalimu anayekuwa mkuu wa shule akaacha kabisa kushika chaki, baada ya miaka mitatu ni karani mwenye tai. Matroni asiyemgusa mgonjwa anasahau kwa nini alisomea unesi. Bakiza kona moja ya kazi yako ya kwanza, hata saa mbili kwa wiki, kona ambayo hakuna anayekupigia saluti. Siku wakikunyang'anya kiti, utakuwa na pa kurudi.

SIKU MOJA KABLA

Na siku hiyo ilifika. Bollinger alitangaza kwamba angeondoka Juni 30, 2023. Mapema mwaka huo, pamoja na mwanasheria mwenzake Geoffrey Stone, alitoa kitabu kutetea kwa mara nyingine ule utaratibu wa kuangalia rangi. Alijua upepo umebadilika, maana kesi mpya dhidi ya Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina ilikuwa mbele ya Mahakama ya Juu.

Juni 29, 2023, siku moja kabla hajakabidhi ofisi, mahakama ikatoa uamuzi: vyuo havitaruhusiwa tena kutumia rangi ya mwombaji kwa namna ile. Jaji O'Connor alikuwa ametaja miaka 25. Ilipita 20 na siku sita. Kazi iliyobeba jina lake kuliko zote iliondolewa wakati masanduku yake yako mlangoni.

Mpenzi msomaji, tafakari kidogo. Huyo ameshindwa? Wapo wanaosema ndiyo, na wapo wanaosema alikosea tangu mwanzo, hakuna haki inayojengwa kwa kuhesabu rangi. Hoja yao si ya kudharau, majaji wengi wameikubali. Lakini vijana walioingia vyuoni katika miaka ile 20 wakawa madaktari, mawakili na walimu, vyeti vyao hakuna aliyevirudisha. Cheo hakikupi ushindi wa milele. Kinakupa muda, na ndani ya muda huo watu fulani wanavuka au hawavuki. Baada ya hapo mlango unafungwa, au anakuja mwingine. Bollinger mwenyewe alirudi kwenye ualimu wa sheria. Aliyempokea, Minouche Shafik, alikalia kiti kile kile Julai 1, 2023, na Agosti 2024 alikuwa ameshajiuzulu, baada ya maandamano ya wanafunzi kuhusu vita vya Gaza kukitikisa chuo. Kiti ni kile kile, dhoruba ni mpya.

SASA WEWE UKUBALI AU UKATAE?

Sitakuamulia. Ila kabla hujasema ndiyo, kaa chini, zima simu, jiulize haya matatu.

Moja: ni jambo gani ambalo uko tayari jina lako liandikwe pembeni ya jina la mtu anayekushtaki? Kama hakuna hata moja, unachotaka ni gari na kiyoyozi, na siku ya lawama utamtafuta wa kumsukumia. Kama lipo, hata dogo, kwa mfano kwamba katika shule yako hakuna msichana atakayefukuzwa kwa kukosa ada bila kusikilizwa, basi una sababu ya kukaa.

Pili: uliyosema ukiwa chini, utayafanya ukiwa juu mbele ya watu wanaokuangalia? Kumbuka yule mgeni na lile jembe.

Tatu: utabakiza nini cha zamani? Taja siku na saa. Usiseme "nitajitahidi," maana cheo kinakula muda kama mchwa, kimya kimya.

Na wewe mume, mke au ndugu unayemsukuma mwenzio akubali kwa sababu ya mshahara, jiulize la kwako. Barua ya kesi ikija, au gazeti likimtaja vibaya, utabaki mezani naye mle ugali mkavu, au utasema "nilikwambia"? Wazee waliposema cheo ni dhamana, walimaanisha kitu cha watu ulichokabidhiwa. Dhamana hurudishwa, na ikirudishwa hukaguliwa. Afadhali ikutwe na alama za mikono yako kuliko vumbi.

Kwa leo naomba niishie hapa. Wale mliopewa barua za uteuzi mwezi huu, hongereni na poleni kwa pamoja. Endeleeni kuniandikia. Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.